Siri ya Jiko la Bibi Yako

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, mpenzi. Sisi wazima, shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza kwa nini ombi la hataza, hiyo haki ya mvumbuzi, linataka ueleze uvumbuzi wako wote.

Enzi za Mwingereza, wiki ya pili ya ndoa yetu pale Kariakoo, nilimwandikia bibi yako ombi la jiko lake la mkaa. Lo, nilivyompenda! Lakini alikataa kutaja alichochanganya kwenye udongo.

"Wataniiga, bwana wee!"

"Usipotaja, sheria itajuaje kuwa ni chako?"

Akanitazama sana. Kisha akaninong'oneza sikioni, ingawa tulikuwa wawili tu chumbani: "Pumba za mpunga."

Nikaandika. Serikali iliijua siri ile baadaye. Wa kwanza kuambiwa nilikuwa mimi.

Babu yako