Programu Uliyoichagua, Dada Saumu

Dada yangu Saumu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mazoea tu, maana najua safari hii hakuna wa kuniitikia marahaba. Lakini ulinizidi umri, na sitaki uende kuwaambia wenzako huko ulipo kwamba Zuhura amekosa adabu.

Jana nilipata mgeni aliyekuja na swali lako. Mpigaji mmoja wa Mbagala amenunua kompyuta, anataka kuunganisha na kinanda apige kwenye shughuli, na hajui achague programu gani ya kubebea sauti za ala. Nikamwambia mie mwimbaji, mambo ya kompyuta siyajui. Akasema, "Lakini sista, we si ndo mdogo wake marehemu Saumu?" Kana kwamba haya mambo yanarithiwa kama pua. Nikamkaribisha chai, nikaanza kumsimulia, na alipoondoka nikaona hadithi yote nimemsimulia mtu asiyehusika wakati mwenyewe upo. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka kompyuta ilivyoingia nyumbani Tandika? Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha, kila kitu kinatoka Dubai, kuanzia mapazia hadi friji zilizokwishatumika. Binamu yetu Hamza, aliyekuwa akienda na kurudi na mizigo ya Kariakoo, akaileta imeviringishwa ndani ya godoro. Uliiweka juu ya meza ya cherehani chumbani kwetu. Feni letu moja likageuziwa kompyuta, kwa sababu Hamza alisema ikipata joto inaganda. Mama akawa anajipepea kwa pindo la khanga na kumwambia kila jirani aliyeingia kwamba feni limepata mchumba.

Kikundi chetu cha taarabu wakati huo kilikuwa kimechoka, tuseme kweli. Mpiga kodiani alikuwa amefariki, mpiga fidla alikwenda Muscat na kunogewa huko, na kinanda chako kilibakiwa na sauti chache zinazolia puani. Vikundi vya mjini vilikuwa na vyombo vipya, na wenye shughuli zao walianza kupita mlangoni kwetu kama hawatujui. Ndipo mwenyekiti wetu, Bwana Athumani, akaamua na sie tuingie kwenye kompyuta. Hamza alikuwa na programu mbili. Kazi ya kuchagua ukapewa wewe, mpiga kinanda.

Ile ya kwanza ulikuwa ukiiandikia wimbo mzima, ngoma, besi, fidla, kodiani, kila kimoja mahali pake. Ukimaliza unabonyeza mara moja, yenyewe inapiga mwanzo mpaka mwisho bila kukosea. Ya pili ilikuwa haipigi chochote. Ilikuwa kama kabati la ala tu. Unachagua fidla, unaitoa, na kila unachobonyeza kwenye kinanda chako kinatoka kwa sauti ya fidla. Ukitaka kodiani, unabadilisha. Ukiondoa vidole, kimya.

Siku Hamza alipotuonyesha zote mbili uani kwetu, kikundi kizima kiliipenda ya kwanza. Nani asingeipenda? Ilijaza uani kama tumerudi watu wote, na waliokufa na waliohama. Mwenyekiti akapiga makofi, akakugeukia.

"Sasa Saumu, hii si inapiga yenyewe? Na wewe mama utapumzika zako."

Watu wakacheka. Wewe pia ulitabasamu. Mie nilishindwa, kwa sababu nililisikia lile neno kupumzika lilivyokaa vibaya. Kinanda ndicho kilichokusimamisha baada ya shemeji kufariki. Wanawake wa mtaa walikuwa wanakuita jina lako kwa sababu ya kinanda, si mama fulani wala mjane wa fulani. Na sasa ulikuwa umetumwa ukachague kwa mkono wako mwenyewe kitu cha kukaa kwenye kiti chako.

Nilivyo na mdomo, nilikufuata jikoni.

"Dada, si uwaambie tu ile ya kwanza mbovu? Nani atajua?"

"Mbovu wapi?" ukaniuliza huku unakuna nazi. "Inapiga vizuri kuliko mie. Tuipime kwanza, zote mbili, tuone."

Na ukapima kweli. Sijapata kuona mtu anachagua kitu kwa adabu namna ile. Watu wengine walikuwa wanauliza ina sauti ngapi. Wewe hukuuliza. Uliiacha kompyuta inawaka tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, programu moja leo na nyingine kesho, uone ipi itaganda. Ulichomoa waya wa umeme makusudi, Hamza akashika kichwa, ukaniambia, "Zuhura, imba," ili upime nitakuwa nimefika ubeti wa ngapi programu itakaporudi. Umeme wa Temeke ulikuwa unakatika bila kuaga, kwa hiyo lilikuwa swali la haki. Ya pili ilirudi mapema zaidi, lakini ilikuwa na ugonjwa wake. Ukiijaza ala nyingi kwa pamoja, unabonyeza sasa hivi, sauti inakuja baadaye kidogo, kama mtu anayeitwa akajibu "abee" kutoka chumba cha tatu. Ulihangaika nayo sana. Mwisho ukaamua kila wimbo upewe ala zake chache tu, zile zinazohitajika, nyingine zibaki kabatini. Sauti ikaanza kutoka papo hapo. Ukachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, bila kuomba, ukatia vidoti kwenye vitufe vya kubadilishia ala ili usivitafute. Ile chupa hukunirudishia, na sasa nimekusamehe.

Kilichoniuma ni kwamba ile ya kwanza uliihangaikia vilevile. Uliuandika wimbo wetu mkubwa ndani yake kwa uangalifu wote, ukakumbuka mpaka namna marehemu wa kodiani alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Mwenyekiti alitaka urefu uwe uleule wa kwenye kaseti yetu. Ukamwambia kaseti ni fupi kwa shughuli, ukaongeza viitikio, kisha ukaongeza tena. Nilikuwa nimekaa kitandani nakutazama unavyomshonea mpinzani wako nguo ya kupendeza, na nikajiambia huyu mwanamke aidha ni mjinga au ni mtu ambaye sitafika alipo. Nilipata jibu upesi.

Shughuli ya kuzijaribia ilikuwa harusi, Mtoni, alasiri, wageni wanawake watupu wamevaa sare, sie tumepangwa chini ya turubai. Mlikubaliana programu ya kwanza ianze na wimbo mkubwa, kisha ya pili ifuate, halafu kikundi kiamue hukohuko. Hamza akakaa mbele ya kompyuta. Wewe ulikaa pembeni nyuma ya kinanda, mikono mapajani, kwa kuwa hukuwa na la kupiga. Nilikuwa sijawahi kukuona umekaa hivyo kwenye shughuli. Niliimba huku nakutupia jicho.

Na kwa kweli tulipendeza. Muziki ulikuwa umejaa, umenyooka, wanawake wakaanza kuinuka kunitunza. Hapa yule mgeni ilibidi nimweleze kwamba kutunza kwetu si kutupa noti ukaondoka. Mtu anatoka kwenye kiti chake anacheza, anapita katikati wote wamwone, anafika kwa mwimbaji, anaweka noti yake na kuonyesha kwa kidole ubeti umemwelekea nani. Akishainuka, wimbo ni wake mpaka afike. Kumkatia wimbo njiani ni kumwambia mbele za watu kwamba hana thamani, na kwenye harusi, wakati pande mbili zinatazamana tangu asubuhi kutafuta kosa, hilo ni jambo la kuvunja undugu kabla haujaanza.

Viitikio ulivyoongeza vilitosha kwa waliokuwa wepesi. Halafu, sote tulipodhani wamekwisha, akainuka bibi yake bwana harusi. Alikuwa mtu mzima sana, anatembelea mkongojo, na alikataa kushikwa mkono. Alitaka kucheza mwenyewe. Anatupa hatua moja, anasimama, anayumbisha mabega, wanawake wanapiga vigelegele, anatupa nyingine. Alifika katikati ya uwanja, noti juu, na programu ya kwanza ikapiga mwisho wake mzuri uliopangwa vizuri, ikanyamaza.

Ule ukimya nausikia hadi leo. Bibi wa watu amesimama katikati, mkono bado uko hewani. Nikaona mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi anamgusa mwenzake kiwiko. Mwenyekiti kageuka rangi. Hamza anatafuta mahali pa kubonyeza, na akibonyeza unaanza utangulizi upya.

Wewe hukumtazama Hamza, wala mwenyekiti, wala mie. Ulikuwa unamtazama yule bibi. Mikono ikatoka mapajani. Kinanda chako chenyewe, kile cha sauti za puani, kilikuwa kinawaka, na ukakidaka kiitikio palepale kilipoangukia, polepole, kwa mwendo wa mkongojo wake. Akisimama, unasimama naye. Akiyumba, unamvutia ile sauti mpaka amalize kuyumba. Mie nikapata pumzi nikaimba. Akafika. Akaweka noti, akanionyesha mjukuu wake kwa kidole, nikauimba ubeti mzima kwa jina la mjukuu, na alipogeuka ukamsindikiza kwa muziki mpaka kwenye kiti chake. Hukuumaliza wimbo mpaka alipokaa na kuegemeza mkongojo. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamesimama, na wengine wanalia, na mie nilikuwa mmoja wao.

Tulipokuwa tunakunywa maji nyuma ya turubai, Hamza alijitetea.

"Tungeizungusha, sista. Kuna mahali pa kuifanya irudierudie."

"Sawa," ukamwambia. "Lakini nani atakuwa anawaangalia watu?"

Hamza ni muungwana, akacheka. Mwenyekiti alijikohoza. Akasema mbele ya wote kwamba tunachukua ile ya pili, na kwamba kiti cha kinanda kina mwenyewe, asisikie tena habari za kupumzika. Nilitegemea utaringa kidogo. Mie ningeringa mwezi mzima, ningeshona na sare. Wewe ukasema tu, "Jamani, yule bibi alikuwa njiani. Ningefanyaje?"

Baada ya hapo mambo yalitugeukia. Uliijua ile programu mpaka ikawa haionekani, watu wanasikia fidla na kodiani, wanakuona wewe na vidole vyako, macho yako yako kwao. Wapigaji walikuja kutoka Kinondoni na hata Kibamba kukuuliza siri. Ukawa unawakaribisha chumbani, mbele ya feni la Mama, na kuwafundisha bure vitu ulivyovihangaikia peke yako. Nilikuwa nakukemea. Ukanijibu kwamba wakipiga vibaya wataharibu jina la kazi yote, na wewe ndiye utakayeona haya. Dada, nimeimba na watu wengi wenye vidole vyepesi kuliko vyako, na wewe mwenyewe ulikuwa unakiri. Sijaimba na mwingine aliyekuwa na heshima kwa watu kama wewe. Nilikuwa nakuonea fahari, na sikumbuki kama nilikwambia kwa mdomo, kwa hiyo pokea sasa.

Yule mgeni wa Mbagala nilimweleza yote hayo, akaniuliza mwishoni, sasa achague ipi. Nikamwambia achague ile ambayo akiwa anapiga ataweza kuinua macho. Akayaandika kwenye simu yake, sijui kama alielewa.

Sasa nikupe na hili, kisha nikuache. Ugonjwa wako ulikuwa mfupi. Siku ya maziko wanaume waliondoka na jeneza, sie wanawake tukabaki uani, kama ada yetu ilivyo. Nililia na wenzangu, nikapika na wenzangu, nikapokea pole, lakini moyoni ilikuwa kama umekwenda mahali ukachelewa. Ilipofika shughuli yetu ya kwanza bila wewe, Yombo, tukapata mpigaji mgeni, mtu mwema, anapiga safi. Wimbo ulikuwa unakwenda mwishoni nikaona mama mmoja mnene, nyuma kabisa, anavaa viatu ili ainuke. Nikageukia upande wako kukukonyeza, usimalize, kuna mtu anakuja. Nikakuta uso mwingine, umeinamia kinanda. Wenzetu walikuzika kwa udongo, dada. Mie nilikuzika pale, katikati ya ubeti, na sikuacha kuimba kwa sababu yule mama alikuwa bado hajafika.

Mungu akupe kivuli na utulivu huko.

Mdogo wako, sauti yako ya mbele,
Zuhura