Mlango Usio na Jina

S.L.P. 38,
Chaka.
Jumapili, baada ya kanisa.

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa bintiyo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba nyonga haikusumbui sana na baridi hii ya Julai. Mama naye anaendeleaje na kifua chake? Mwambie zile dawa azimalize yeye mwenyewe, asiwagawie majirani. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga hapa nyuma ya soko ni kidogo lakini hakivuji, na chakula sijakosa. Anwani uliyoiona hapo juu ni yangu. Nimekodi sanduku langu la posta, na sababu yake utaiona mbele.

Utashangaa kwa nini ninaandika ilhali wewe una simu na mimi nina simu. Ninaandika kwa sababu nikiwa mbele yako huwa sisemi. Wewe huanza kuzungumza, mimi huitikia, kisha ninatoka kwenda kukamua ng'ombe maneno yote yakiwa bado tumboni. Karatasi haimkatizi mtu. Basi nivumilie, Baba, usome hadi mwisho, hata pale utakapokasirika.

Habari yenyewe ni ya lori. Wacha nianze nyuma kidogo, maana nimegundua kwamba nyumbani kwetu mambo husahaulika haraka.

Ulipoanguka na kuvunjika nyonga, lori lilisimama kando ya zizi hadi kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Mwai ndiye aliyepewa ufunguo kwanza, kwa kuwa ndiye mwana wa kiume. Aliliendesha safari moja. Alifika kwenye mteremko wa kuelekea Sagana akiwa na shehena ya viazi, akasema breki zinaongea, akaliegesha kando ya barabara na kurudi nyumbani kwa gari la abiria. Viazi viliota huko huko. Ndipo ukaniita mimi. Ulikaa kushoto kwangu na mkongojo wako, na kila nilipokosea gia uliupiga mlango kwa huo mkongojo. Nilijifunza hivyo, na ninakushukuru. Tangu siku hizo ni mimi niliyebeba viazi na kabeji za Kieni kwenda Nyeri, Karatina na Sagana. Karo ya chuo ya Mwai ilitoka kwenye lile lori, na mabati mapya ya nyumba yenu vilevile. Nilipopata mtu wa kunioa uliniambia nisiharakishe, kwani nikienda nani ataendesha lori. Nami sikuharakisha. Yule mtu ameshaoa kwingine na ana watoto wawili.

Kwa hiyo elewa nilivyofurahi ulipoketi nami baada ya mvua za masika, ukasema lori limekuwa aibu. Ulisema kutu imekula milango, kwamba wakaguzi wa magari watalikataa, na kwamba hata wenye viazi wanalicheka. Kwa kuwa nina jina la mama yako, hujawahi kuniita Ngendo, unaniita Maitu, yaani mama yako. Ukasema, "Maitu, tengeneza hii lori yako ipendeze." Ulisema yako. Siku hiyo sikusikia neno lingine. Hata ulipoongeza kwamba nyumbani hakuna pesa za rangi, kwa sababu Mwai ana mambo yake ya safari, niliona ni sawa. Mtu hutengeneza kilicho chake kwa jasho lake.

Nilienda kwa Theuri, yule mpaka rangi aliye kando ya barabara hapa Chaka. Alilizunguka lori akibonyeza kutu kwa kidole, kila mahali kidole kikiingia, kisha akanitajia bei ambayo kwayo ningenunua nusu ya lori jingine. Nikamwambia kazi ya mikono nitaifanya mimi: kukwangua kutu, kupiga msasa na kuosha. Yeye azibe mashimo na kupuliza rangi, basi. Alicheka akakubali, nadhani akijua nitachoka kabla ya saa sita. Sikuchoka. Asubuhi nilibeba viazi na mchana nilipiga msasa kwa maji baridi na sabuni, hadi ngozi ya vidole ikaisha na simu yangu ikakataa kunitambua kwa kidole gumba. Mama aliiona mikono yangu siku moja nikikanda unga, akanipaka mafuta ya ng'ombe. Wakati huo nilidhani ananihurumia kwa sababu ya vidole.

Rangi niliipata Nyeri, kwa Manorama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yule mama wa Kihindi ambaye wewe humwita mchoyo. Lori limeandikishwa kuwa la buluu, na kubadilisha rangi kunahitaji ukaguzi na ada, kwa hiyo nilitaka buluu ile ile. Manorama alikuwa na makopo aliyochanganya kwa ajili ya hoteli moja ya Nanyuki, wenyewe wakabadilisha nia wasije kuyachukua. Yalikuwa yamekaa, vifuniko vimeshika kutu, na rangi juu imefanya utando. Akaniuzia kwa bei ya kuyaondoa dukani, akaniambia niichuje kwa soksi ndefu za nailoni, vinginevyo itatoka na chenga. Soksi za namna hiyo nilizokuwa nazo ni zile za kanisani. Kama uliona naenda ibadani miguu mitupu na hii baridi, sasa unajua zilikokwenda.

Tulipuliza asubuhi na mapema kabla upepo wa vumbi haujaamka. Tulibandika magazeti kwenye vioo, tukamwaga maji chini kote ili vumbi lilale, tukamwomba mwenye kinu cha jirani asisage mahindi hadi tumalize. Hata hivyo mbuzi mmoja alikuja akajisugua kwenye mlango wa nyuma, akazunguka soko siku nzima ubavu mmoja ukiwa buluu. Tulirudia pale alipogusa. Baba, lile lori lilipendeza. Niliona sura yangu kwenye mlango, na nililia kidogo, wala sioni haya kusema.

Ikabaki kazi ya mwandishi. Wewe unajua kuliko mimi kwamba lori la biashara haliingii barabarani bila jina la mwenyewe na anwani yake mlangoni, pamoja na uzito wake likiwa tupu. Theuri ana mkono mzuri wa herufi, na ndiyo kazi anayoipenda. Lakini alikuwa amekwisha kuosha brashi zake. Nikamuuliza mbona haandiki. Akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na rangi, akaniambia bila kunitazama, "Mzee amepiga simu. Amesema mlango ubaki hivyo."

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Hata watoto wa stendi wanajua kwamba lori lililotoka kupakwa rangi likaachwa bila jina linangoja mnunuzi, ili aandike lake. Nilisimama pale nikiutazama ule mlango nilioulainisha kwa vidole vyangu. Nilijihisi mjinga, Baba. Kabla ya uchungu na kabla ya hasira, nilijihisi mjinga tu. Theuri alininunulia chai nikaiacha ikapoa.

Nilirudi nyumbani nikingoja uniambie. Ulichoniuliza ni kama rangi imekauka vizuri. Nikamtazama Mama, naye akawa anapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Hapo nikajua kwamba yale mafuta ya ng'ombe hayakuwa ya vidole peke yake. Aliyenieleza yote ni Mwai, ambaye hana siri hata akilala. Alisema kuna wakala wa Nairobi anayepeleka watu kufanya kazi Polandi, na lori ndilo litakalomlipia safari. Aliniambia kwa furaha, kana kwamba nami nilikuwa nasafiri. Nilipouliza kuhusu kazi yangu, akasema wewe umeshalifikiria jambo hilo: kwamba mimi ni wa kuolewa, na lori likibaki kwangu siku moja litaenda kulala kwenye boma la mwanaume mwingine.

Mara moja tu nilijaribu kusema. Utakumbuka jioni ile ulipokuwa ukiota moto jikoni, nikakuomba, kama lori ni la kuuzwa, uniuzie mimi. Ulicheka, Baba. Hukukasirika, ungekasirika ningejisikia afadhali. Ulisema mzazi hawezi kumuuzia mtoto wake gari, watu watamcheka. Ukaongeza kwamba kama nina pesa nilizoficha, nimpe ndugu yangu za tiketi. Nikasema ndiyo Baba, nikaenda kukamua.

Basi siku chache baadaye akaja yule mnunuzi kutoka Sagana, Kinuthia, mwenye kofia ya ngozi. Ulimpenda tangu alipokusalimia kwa heshima. Mlilizunguka lori pamoja, wewe ukiuelekeza mkongojo kwenye milango, kwenye bodi, kwenye magurudumu. Alipouliza ni nani amelitunza hivi, nilikuwa nyuma yenu na birika la chai. Ulimjibu, "Hii lori imetunzwa na kijana yangu Mwai. Hata hii rangi ni yeye amesimamia. Huyu msichana alikuwa anasaidia tu." Mwai alikuwa amekaa pale kwenye ukuta, akatabasamu na kuangalia simu. Nami nikamimina chai. Nilimwaga kidogo kwenye sahani, ukanikemea.

Halafu mkaketi kupatana. Kinuthia alitaja bei, ukaisukuma mbali kwa mkono, ukamwambia atazame rangi. Akaongeza. Ukamwambia tena atazame rangi, hakuna lori la umri huo Kieni nzima linalong'aa hivyo. Akaongeza tena, akinitupia jicho, na ukadhani ananitamani. Ulinituma ndani.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike. Kinuthia hana haja na lori, anayo mawili. Ni mtu wa viazi ambaye nimembebea mzigo mvua na jua bila gunia kupotea, na siku niliyoona mlango mtupu nilimkuta njiani akaniuliza nina nini, nikamwambia. Ulipokataa kuniuzia, nilimwomba aje alinunue kwa niaba yangu. Pesa alizokuwekea mezani hazikuwa zake. Zilikuwa akiba yangu yote, pamoja na mkopo wa chama chetu cha wanawake. Lile jicho alilonitupia alikuwa ananiuliza kama aendelee. Kila ulipomwambia atazame rangi, ni mimi niliyekuwa ninaongezewa bei, kwa rangi niliyoinunua mimi, nikaichuja kwa soksi zangu. Nilisimama pale na birika mkononi, nikinunua lori letu, na wewe ukanituma ndani.

Sikuiba na sikudanganya kwa karatasi. Ulimuuzia Kinuthia kihalali, Kinuthia ameniuzia kihalali, na wiki hii lori limeandikishwa kwa jina langu. Ulisema mzazi hawezi kumuuzia mtoto wake gari. Sasa umeuza. Usiogope kuchekwa, kwani sijamtangazia mtu, ila kuanzia kesho mlango utasema wenyewe.

Maana jana Theuri aliandika. Hakunidai kitu kwa herufi hizo. Alisema deni hilo lilikuwa limemkaa rohoni. Ameandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: NGENDO NDUNGU, S.L.P. 38, CHAKA, na chini yake uzito wa lori likiwa tupu. Nilisimama nikiyasoma hayo majina. La kwanza ni jina la mama yako, la pili ni lako. La Mwai halipo.

Ningependa kukuambia kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Nilinunua kwa bei kubwa kitu ambacho ungenipa kwa neno moja, na neno lenyewe ulikuwa umeshalisema, kisha ukalirudisha.

Viazi vyako vya shamba la chini vitakuwa tayari mwezi ujao. Najua kwa sababu nilivipanda. Ukihitaji lori, namba yangu unayo. Nitakuja asubuhi na mapema, nitapakia vizuri kama siku zote, na nitakulipisha nauli kama ninavyowalipisha majirani. Nauli hulipwa kabla ya kupakia.

Nisalimie Mama, umwambie vidole vimepona. Mwai mtakie safari njema kwa niaba yangu, na akifika huko asisahau kwamba ni lori lililomsafirisha. Ninakuombea afya, Baba, na nyonga yako ipate nafuu baridi hii ikipungua.

Ni mimi bintiyo,
Ngendo Ndungu.