Malkia wa Lafudhi Mbili

4 Februari

Kwako mdogo wangu Gumba,

Salamu nyingi, na za Mama mfikishie kabla hujasoma zaidi, maana nakujua. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenikausha midomo, na mwenye kazi ya mdomo akikaukwa midomo ni sawa na fundi aliyeibiwa nyundo. Goti la Mama linaendeleaje? Na ukumbi wako wa gemu, televisheni zote sita zinawaka au bado nne?

Nina jambo, na ni la siri. Studio yetu imepata gemu kubwa ya Wajapani, ya kusafiri na kupigana kwa zamu kama zile za utotoni mwetu, na sisi ndio tunaoingiza sauti za Kiingereza. Kuna malkia ndani. Gumba, malkia huyu ana mistari zaidi ya elfu mbili! Miaka saba huku nimekuwa mwuza mikate, mwanakijiji wa tatu na jini linalokohoa. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyomtaka malkia huyu.

Tatizo ni lafudhi. Mwongozaji anataka ya Kiingereza cha Uingereza, kwa sababu kuna ngome, mapanga na farasi. Watu wa mauzo wanataka ya Marekani, kwa sababu wanunuzi wengi wako huko. Wajapani wenyewe hawakuwa na Uingereza wala Marekani kichwani, lakini hakuna anayewauliza. Ikishinda Uingereza, malkia ni wangu. Ikishinda Marekani, ni wa Mama Pacha, yule Mmarekani ninayefanya naye kazi, anayenigawia chakula chake cha mchana. Uamuzi ni katikati ya mwezi wa tatu.

Sasa nikuambie dhambi yangu. Wiki sita nimekuwa nikimwomba Mama Pacha anifundishe lafudhi yake tukila. Nilimwambia ni kwa ajili ya tangazo la sabuni. Nataka niziweze zote mbili, ili upande wowote ukishinda mimi nimo.

Nimejirekodi nyumbani nikimsoma malkia kwa lafudhi hii na ile. Nakutumia. Nimetia saini mkataba wa siri, kwa hiyo sikiliza peke yako, kwa hedifoni, kisha futa. Halafu niambie ukweli: malkia wa kweli ni yupi?

Dada yako


9 Februari

Dada, shikamoo,

Sisi huku hatujambo. Goti la Mama lilipona siku jirani alipotangaza kwamba anauza kabati. Akatembea mwenyewe kwenda kulikagua. Televisheni zinawaka tano, ya sita inaonyesha kijani tu, na wapo wanaoipenda hivyohivyo.

Malkia nimemsikiliza mara tisa. Nimekumbuka mbali. Mimi nimeshika padi, kusoma sijui, wewe unanisomea maandishi ya kwenye skrini. Malkia ulimpa sauti ya mtangazaji wa redio wa Kiingereza, majambazi wote ukawapa Umarekani wa sinema. Maandishi yakijaa kisanduku unanyamaza, unasubiri nibonyeze kitufe yaje mengine, ndipo uendelee. Mpaka leo nadhani malkia wote duniani hunyamaza kidogo katikati ya sentensi. Na huyu wako bado ananyamaza! Kwa lafudhi zote mbili!

Kura yangu ni Uingereza. Mwingereza akisema "nitakuua" unahisi kaburi limeshachimbwa. Mmarekani akisema hivyohivyo unahisi bado kuna nafasi ya mazungumzo. Ila huyo Mmarekani wako ameniogopesha. Nisingekujua ningeapa si wewe.

Lakini utafiti wa mtu mmoja si utafiti. Jumamosi nilifunga mlango, nikawaita wateja kumi na saba wa kuaminika, nikakuweka kwenye spika kubwa. Kura: Uingereza kumi na moja, Marekani sita. Kinyozi wa jirani alipiga meza akisema amechoka, kila gemu yenye ngome lazima watu waongee kama wamebanwa pua. Fundi simu akamjibu kwamba yeye aliwahi kucheza na shujaa wa Kimarekani, na kila alipoahidi kuiokoa dunia alikuwa kama anakuuzia gari. Nusura wazipige. Ungecheka!

Hongera, mtukufu malkia.

Mdogo wako, Gumba


10 Februari

Gumba,

Leo sina salamu, utanisamehe.

Nilisema peke yako. Nilisema hedifoni. Umewawekea watu kumi na saba kwenye spika!

Nani alikuwa na simu mkononi? Nenda mlango kwa mlango, kwa kila mmoja, leo. Siri hiyo ikitoka nafukuzwa, na kibali changu cha kukaa huku kimeshikiliwa na kazi hii. Nijibu upesi.

Dada yako


13 Februari

Dada, shikamoo,

Nimezunguka siku mbili. Kumi na sita hawana kitu. Kinyozi alirekodi, ile ya Kimarekani peke yake, ili aendeleze ubishi na wateja wake. Ameifuta mbele ya macho yangu, wembe mkononi, mteja nusu kichwa. Ameapa hajamtumia mtu.

Nisamehe. Nilikuwa na fahari nawe, ikanizidi akili.

Mdogo wako


2 Machi

Gumba,

Mama hajambo? Mwambie mimi mzima, usiongeze neno.

Kinyozi wako aliapa bure. Jana asubuhi sauti ile ilikuwa mtandaoni, imeshasikilizwa na watu laki mbili. Wachezaji wamegawanyika, wanatukanana usiku na mchana: malkia gani huyu anaongea kama mhudumu wa ndege, wengine wanajibu kwamba hatimaye kuna malkia asiyetoka jumba la makumbusho. Tuliitwa wote ofisini. Kwenye ngazi nikajua nimekwisha.

Mwongozaji akaicheza. Tukasikiliza. Kisha wote wakamgeukia Mama Pacha.

Nilimwiga vizuri mno, Gumba. Hata ule mvuto wake mwishoni mwa maneno. Akasema "huyo si mimi", na alivyosema, sauti ikawa ileile, wakazidi kuamini. Hakuna anayejua kwamba mimi naiweza lafudhi hiyo, isipokuwa yeye. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. Hakunitaja.

Wamemsimamisha kazi. Kikao cha mwisho ni tarehe 14. Akifukuzwa, watu wa mauzo hawana malkia tena, na kazi inakuwa yangu.

Wewe nyamaza. Kinyozi naye anyamaze. Sisi hatujui lolote.

Dada yako


5 Machi

Dada, shikamoo,

Mama hajambo, sijamwambia, na kumficha Mama kitu unajua ilivyo kazi.

Kinyozi amekiri. Alimtumia binamu yake dakika kumi kabla sijafika, ndipo akafuta. Amelia. Sikumbembeleza.

Mdomo huponza kichwa, dada, lakini safari hii mdomo ni wetu na kichwa ni cha mwenzetu. Uliniambia pacha wake wana miaka minne. Uliniambia siku yako ya kwanza studio hukujua pa kukaa, akasogeza begi lake. Mimi ndiye niliyevunja siri, na nikila naona chakula chake.

Nimeiandikia studio yako barua, kwa Kiingereza changu cha gemu. Natumaini hakina mazimwi mengi. Nimeeleza yote: rekodi ni yako, spika ni yangu, simu ni ya kinyozi. Sijaituma. Ukisema mwenyewe kabla ya kikao, nitaichana. Usiposema, tarehe 14 asubuhi naituma.

Mdogo wako


7 Machi

Unanitishia mimi?

Mimi niliyekusomea dunia nzima neno kwa neno wakati jina lako hukuweza kuliandika? Kosa ulifanya wewe. Nilikuomba jambo moja dogo, ukalipeleka kwenye kura. Sasa unataka kujitakasa kwa ajira yangu.

Mama Pacha ana nchi yake, lafudhi yake na studio kumi za kumchukua. Mimi nina malkia mmoja.

Ukituma barua hiyo, huna dada.

Mimi


10 Machi

Dada, shikamoo,

Barua bado iko mezani. Mama anauliza kwa nini sili.

Mdogo wako


15 Machi

Gumba,

Barua yako ilifika jana saa nne na nusu. Kumbe ulituma kweli. Ilikuta nimeshasema.

Usidhani ni kwa ajili yako. Niliingia kikaoni nimeamua kunyamaza, hata uso nilikuwa nimeuzoesha kwenye kioo. Mama Pacha akaja kurudisha hedifoni za studio. Alikuwa ameukunja waya vizuri na kuubana na kibanio chekundu cha nywele cha mmoja wa pacha, akaziweka mezani, akarudi nyuma kama mtu aliyemaliza kudeki. Nikajisikia nikisema, "Ni mimi."

Hawakuniamini! Mwongozaji akasema urafiki una mipaka, nisimbebee mwenzangu mzigo. Nikaomba maikrofoni. Nikamwigiza malkia kwa lafudhi ya Kimarekani, nikafika katikati ya sentensi, nikanyamaza kama kawaida yangu, nikamalizia. Mwongozaji alikuwa amefumba macho. Akasema kimya kile alikisikia kwenye rekodi tangu siku ya kwanza, akajidanganya kwamba ni sadfa tu. Sijawahi kumfanya malkia vizuri kama pale, mbele ya watu sita na mtungi wa maji.

Walinifukuza kabla ya mchana. Nina siku tisini za kutafuta kazi nyingine au kurudi. Mama Pacha amerudishwa. Tulipishana kwenye ngazi, yeye akipanda, mimi nikishuka.

Najua nilichofanya ni haki. Moyo bado unaniuma, na wewe sijakusamehe. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Mimi


21 Novemba

Dada, shikamoo,

Najua ulichosema. Miezi minane nimetii. Habari zako nazipata kwa Mama, kwamba ulipata kazi ya kusoma vitabu vya kusikiliza na kibali kikatoka. Nilifurahi, nikakosa wa kumwambia, nikamwambia kinyozi. Siku hizi akiingia ukumbini anaiacha simu mlangoni, kwenye ndoo.

Leo navunja amri, uniadhibu baadaye.

Gemu imetoka. Malkia ni Mwingereza. Nilikaa nacheza mwenyewe, wateja wamesimama nyuma yangu, nikijiambia nitamchukia huyo aliyechukua nafasi yako hata awe nani. Nikaruka mpaka kwenye orodha ya majina ya waigizaji nimjue adui. Ni Mama Pacha. Mmarekani yule! Nikadhani nimesoma vibaya, nikamwita fundi simu naye asome.

Basi malkia akafika langoni. Akaanza kusema, taratibu, kwa Kiingereza cha redio ile ya zamani. Katikati ya sentensi akanyamaza.

Dada, gumba langu likabonyeza kitufe lenyewe. Gemu za siku hizi hazitaki hivyo, sauti zinakwenda zenyewe, ukibonyeza unamkatiza msemaji. Nikamkatiza malkia. Wateja wakapiga kelele. Nikaanza upya, akanyamaza, nikabonyeza tena. Mara tatu hivyo, mpaka skrini siioni kwa machozi. Wakadhani nimefiwa. Kinyozi ndiye aliyeninyang'anya padi na kufunga ukumbi.

Kimya kile ni chetu. Sijui kimefikaje kwenye mdomo wa yule mama. Sikuombi jibu. Nimeona tu usikose kujua kwamba nimekisikia.

Mdogo wako, Gumba


25 Novemba

Kwako Gumba, mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inawakuta nyote na afya, na goti la Mama halijasikia kabati jingine linauzwa. Mimi nina kikohozi kidogo tu, nacho kinanipa heshima kwenye vitabu vya wazee.

Mwezi wa nne Mama Pacha alinibishia hodi, kopo la chakula mkononi. Akasema wenye gemu wameamua Uingereza, malkia amepewa yeye kwa kuwa mimi sipo, na lafudhi hiyo haiwezi. Akagawa chakula mara mbili kama zamani. Nilimwomba radhi kwa ile sabuni, nikalia mezani. Akanisogezea kitambaa, akasema kula kwanza. Tulifanya mazoezi wiki tisa kwa magazeti ya zamani, habari za mvua na mpira, maana neno la gemu hakunitajia hata moja.

Nilikukasirikia kwa sababu ulikuwa na haki, na hasira ya namna hiyo haiishi upesi. Imeisha.

Mwongozaji alikuwa amemwambia asiache kile kimya changu, lakini hakujua akae muda gani. Alikuwa akihesabu moja, mbili, inatoka kavu. Nikamwambia usihesabu. Sema nusu, kisha subiri mtu abonyeze. Akauliza, mtu gani? Nikamwambia, ni mdogo wangu. Kusoma hajui na kidole chake kizito, lakini msubiri, atabonyeza.

Msalimie Mama. Na wewe padi iweke chini, umsikilize malkia mpaka mwisho.

Dada yako