Abti ametawadha kwenye vipandikizi vyangu

Hinda, nimenawa mpaka sabuni imeisha na kinyaa bado hakijanitoka.

Unajua najaribu kumwagilia vipandikizi vya fikasi vya bonsai, ile miti midogo ya kwenye chungu, kwa njia mbili, nione ipi inatoa mizizi. Vingine navinyunyizia juu, vingine vinafyonza maji chini, kwenye beseni. Leo nimetia mkono kwenye beseni nikague mizizi. Nikashika kamasi. Kamasi, Hinda!

Abti Yarow, mjomba wetu aliyekuja kututembelea kutoka Griftu, akasema bila haya, "Mimi natawadha hapo kila siku. Maji yasipotee bure."

"Na kamasi, Abti?"

"Hiyo mbolea, wewe!" Akapenga tena palepale, mbele yangu!

Kibaya zaidi, vya beseni ndivyo vilivyotoa mizizi. Itabidi nianze upya, maana sasa sijui ni njia yangu au ni pua ya Abti.