Lugha Isiyomjua Baba

Nyabiyonza, Karagwe
Jumatano jioni, mwezi wa tisa

Kwa kaka yangu mpenzi Alistides,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, mikono ikiwa na grisi na tumbo likiwa na chakula. Mimi sijambo, ila mafua ya vumbi la kiangazi hayataki kuniacha, na hayo si ugonjwa wa kumwandikia mtu. Mama hajambo, goti lake linauma asubuhi tu, likishapata jua linatulia. Ng'ombe hawajambo, ingawa majani yamekauka na wanakwenda mbali kutafuta maji. Baba naye hajambo. Habari zake ndizo zilizonifanya nikuandikie, lakini nitazifikia taratibu, maana najua unavyokunja uso ukisikia akitajwa.

Usishangae tumejuaje uliko. Adelard, yule dereva wa Ihanda anayepeleka ndizi Kahama kwa fuso, springi ilimkatikia huko, na katika gereji aliyoingia akamkuta fundi kijana amelala chini ya gari anaimba nyimbo za kwaya ya kwetu. Akajua ni wewe kabla hujatoka uvunguni. Aliporudi alimkuta Mama gulioni akamweleza yote. Mama alilia pale pale mbele ya mafungu ya maharage. Baba alikuwa kando anachagua kamba ya ng'ombe, akajifanya hasikii, akaikagua kamba ile mpaka muuzaji akachoka. Lakini Mama alipotangulia njiani, Baba alirudi kwa Adelard akamuuliza jambo moja tu, kama umekonda. Adelard ndiye aliyeniambia. Namba yako ya zamani tuliipiga sana, sasa anapokea mama mmoja wa Sengerema, na yeye na Mama wameshakuwa marafiki wa kujuliana hali.

Sasa nikupe habari za shule. Niko Kidato cha Pili, mtihani wa upimaji ni mwezi wa kumi na moja, na ninalala hosteli kwa sababu kutoka nyumbani ni mbali mno. Wewe umepita huku, unajua. Shule ya msingi tulisoma kila kitu kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili chenyewe tulikikuta darasani, nyumbani ni Kinyambo. Tukafika sekondari, baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni ni kwa Kiingereza. Kwenye mlango wa ofisi ya walimu kuna karatasi inayosema bila Kiingereza hakuna huduma. Rafiki yangu Uwamahoro, ambaye wazazi wake ni watu wa asili ya Rwanda wanaolima kwenye shamba la kahawa, aliumwa jino wiki nzima kwa sababu hakujua Kiingereza cha jino. Alipokijua, jino lilikuwa limeshapoa, lakini alikwenda ofisini akaisema sentensi yake hata hivyo, ili isipotee bure.

Kinachotuua zaidi ni kicheko. Ukikosea neno moja, darasa zima linaanguka, hata wale ambao hawajui ulichokosea. Kosa langu mimi ni lile la "he" na "she". Kwa Kinyambo na kwa Kiswahili mtu ni mtu, hatugawi wanaume huku na wanawake huku, na ulimi wangu umekataa kabisa kujifunza. Kila mwanaume kwangu ni "she". Mkuu wa shule nilimwita hivyo mbele ya paredi, na tangu siku hiyo wavulana wa nyuma wakimwona anapita wanamwita Mama Mkuu kwa kunong'ona. Basi nikaamua kunyamaza. Madam Anonciata, mwalimu wetu wa Kiingereza, akiuliza, naangalia dirishani kama ng'ombe aliyesikia mvua mbali.

Likizo ya mwezi wa sita nilipokwenda nyumbani nikapata dawa yangu mwenyewe. Nilikuwa nachunga pamoja na Mama, na Mama akikaa kivulini kupumzisha goti, mimi nawasemesha ng'ombe Kiingereza. Niliwaeleza mfumo wa chakula wa binadamu. Niliwaeleza mito ya Afrika. Ng'ombe hawacheki, kaka. Wanakutazama kwa heshima na wanaendelea kutafuna. Kidogo kidogo maneno yakaanza kutoka bila kuogopa, ingawa yalikuwa mabovu.

Jioni moja, kabla jua halijazama, nilikwenda nyuma ya zizi kuendelea na mazoezi yangu, nikasikia mtu anazungumza ndani. Nikadhani Baba amepata mgeni. Nikachungulia kwenye miti ya uzio. Alikuwa peke yake na ng'ombe wako Bihogo, yule aliyekupa ulipopata kipaimara. Bihogo amezaa, kaka, ndama jike, mwekundu kama mama yake. Baba alikuwa anamkuna shingo anamwambia kwa Kinyambo kwamba asinung'unike, ndama hawezi kupewa jina na mtu mwingine wakati mwenyewe yupo hai, mwenyewe atakuja ampe. Kisha akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akalia. Baba yetu Mutalemwa, ambaye babu alipokufa alichimba kaburi kwa mkono wake na uso mkavu. Nilirudi nyuma kwa kunyata, sikumwambia mtu.

Najua alivyokwambia siku ile mbele ya mjumbe. Nilikuwepo. Ulisema umemaliza Kidato cha Nne na unataka kujifunza magari, akasema ng'ombe hawachungwi na magari, ukasema hukuzaliwa uwe mkia wa ng'ombe, akasema basi ondoka na nisiuone mguu wako hapa. Nilikuwa nimeshika sahani za chakula na sikujua niziweke wapi. Nilikuwa upande wako na bado niko. Lakini nilichokiona zizini nacho ni kweli.

Sasa sikia kilichotokea. Mwezi uliopita shule ilifanya siku ya wazazi. Madam Anonciata alinichagua mimi kutoa hotuba kwa Kiingereza. Nilimwomba amchague Uwamahoro, akasema Uwamahoro anaongea bila kuombwa, yeye anamtaka anayenyamaza. Aliniandikia hotuba nzuri kuhusu umuhimu wa elimu, yenye maneno ambayo hata kamusi ya shule haina, nami nikaikariri mpaka nikawa naisema nikifua nguo.

Siku yenyewe wazazi walijaa chini ya maturubai. Baba na Mama walifika, Baba amevaa koti lake la kanisani na kofia ameiweka gotini. Nikaitwa. Nikasalimia, nikasema sentensi ya kwanza, nikasema ya pili. Ya tatu haikuja. Nilitafuta hotuba yote kichwani, ilikuwa imefutika. Madam alinong'ona neno la kuanzia, sikulitambua hata kama ni Kiingereza. Kicheko kikaanza nyuma, kidogo, kama moto wa nyasi. Nikaona nitalia mbele ya watu wote. Ndipo nikafumba macho nikasema moyoni, hawa ni ng'ombe, na nikaanza kusema yale maneno niliyokuwa nayo.

Nilisema baba yangu ana ng'ombe. Nikasema ana watoto wawili, mmoja yupo hapa, mmoja amekwenda mbali. Nikasema baba alimfukuza kwa mdomo, moyo haukumfukuza. Nikasema ng'ombe wa kaka amezaa na baba hataki kumpa ndama jina, anasema mwenyewe atakuja. Nikasema jioni baba analia zizini, na anadhani hatujui. Nikasema kaka anadhani baba ni jiwe. Nikasema nawapenda wote wawili na sijui nifanye nini. Sentensi zilikuwa fupi fupi, na Baba nilimwita "she" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliyasema yote kwa sababu nilikuwa na hakika ya jambo moja, kwamba Baba haelewi hata neno.

Nilipofumbua macho hakuna aliyekuwa anacheka. Wavulana wa nyuma walikuwa wanatazama viatu vyao. Nikataka kwenda kukaa, lakini wazee wakaanza kuuliza mtoto amesema nini, mbona walimu wamenyamaza. Mkuu wa shule akamwomba Madam Anonciata atafsiri. Kaka, nilimtazama Madam kwa macho yote niliyopewa na Mungu, naye hakunielewa. Aliniuliza kwanza kwa Kiingereza, huyu anayelia ni mama au ni baba? Nami, mjinga mimi, kwa kuogopa kosa la sarufi, nikajibu ukweli, ni baba. Akatafsiri neno kwa neno, kwa Kiswahili chake kile kizuri, na sauti yake inafika hadi barabarani.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akavaa kofia, akapita katikati ya watu akaondoka. Hakungoja ndizi wala nyama. Nilitamani ardhi inimeze. Mama alinifuata nyuma ya darasa, akanifunika kwa kitenge chake kama mtoto mchanga, akaniambia, "Umesema kitu ambacho mimi nimekimeza tangu mwanangu aondoke." Madam naye akaja. Nilidhani atanigombeza kwa kuitupa hotuba yake. Alisema Kiingereza changu kilikuwa na makosa ya kujaza ubao, lakini tangu aanze kufundisha hakuna mwanafunzi aliyemwambia kwa Kiingereza jambo ambalo yeye alikuwa halijui. Halafu akanipangusa pua kwa leso yake.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilijua nimemvua Baba nguo mbele ya watu, na mzee wa kwetu kuambiwa analia ni jambo linalobaki vijijini miaka. Uwamahoro alinishauri nijifanye mgonjwa nisirudi nyumbani hadi Krismasi.

Jumamosi moja, matroni akaniita, nina mgeni. Ni Baba, amesimama getini na dumu la maziwa ya mgando. Nilimwamkia, akaitikia. Tukakaa kwenye ngazi za ile maabara ambayo haijaisha kujengwa. Akaniuliza kama tunakula vizuri, akaniuliza kama mvua ya huku imenyesha. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama Kiingereza ni kigumu kwa mtu mzima.

Nikamuuliza anakitakia nini. Nakuandikia alivyosema, maana sitaki kupunguza neno. Alisema, "Kuna neno nataka kumwambia kaka yako. Kwa Kinyambo nimelijaribu, halitoki. Kinyambo kinanijua mno. Nikilianza tu namsikia baba yangu kaburini ananiuliza tangu lini mzazi akamwomba mtoto radhi. Kiswahili nacho nimekitumia kumfukuzia, nilimfukuza mbele ya mjumbe kwa Kiswahili ili mjumbe asikie vizuri. Hicho Kiingereza chenu hakinijui. Wewe uliwezaje kuyasema yale yote? Ni kwa sababu kilikuwa Kiingereza. Basi nifundishe."

Nikamfundisha, kaka. Alikuja Jumamosi hiyo, akaja na nyingine, na nyingine. Tulianza na sentensi ndefu zikamshinda, tukabaki na mbili fupi, moja ya kusema alikosea na moja ya kukuita nyumbani. Ya pili anaisema vizuri. Ya kwanza, ulimi wetu wa Kinyambo unaifanyia fujo, "wrong" inamtoka "long", kwa hiyo kwa Kiingereza anakuwa anasema kwamba alikuwa mrefu. Uwamahoro alipita akasikia, akatoka mbio kwenda kucheka mbali kwa adabu. Baba hakujali. Alisema yeye amefundisha fahali kuvuta jembe, hatashindwa na neno moja. Nilimwona akiondoka anatembea barabarani huku midomo inacheza, na watu wa bodaboda wanampungia mkono naye hawaoni.

Hakuna anayekutaka uache ufundi. Hilo mimi sikumwomba Baba, na Mama hakumwomba. Mwenyewe alisema, aje tu, hata akija kwa siku mbili akarudi kwenye magari yake, ilimradi aingie kwa mlango na atoke kwa mlango.

Sasa nikwambie lile ambalo nimelizungushia maneno yote haya. Sikuituma barua hii kwa posta, wala sikumpa Adelard akuletee. Huyo mzee mwenye koti la kanisani aliyekuja gerejini kwako, akakupa bahasha hii akarudi kusimama nje karibu na fuso, umetazama mikono yake ukadhani umekosea, hukukosea. Ni Baba. Aliomba lifti kwa Adelard, akae juu ya mikungu ya ndizi kutoka Ihanda hadi huko, yeye ambaye hajawahi kuvuka Biharamulo. Alisema usome kwanza, na akikuona umeikunja barua ukarudi chini ya gari, ataelewa, atapanda fuso arudi. Hajui nilichoandika. Aliniomba niandike tu kwamba ameleta salamu za Mama, na atakwambia amekuja kuulizia bei ya mitamba.

Usimkubalie habari za mitamba. Mwache aseme sentensi zake mbili, zote, hata akisimama katikati. Na akikwambia alikuwa mrefu, kaka, nakuomba usimsahihishe.

Mama anakusalimu mpaka machozi, anasema ule. Uwamahoro anakusalimu ingawa hakujui, na Madam Anonciata anaomba utujibu kwa lugha yoyote. Mfikishie fundi wako mkuu heshima zangu kwa kukutunza. Mungu akulaze na akuamshe salama. Sasa weka barua mfukoni utoke nje, jua la Kahama ni kali na mzee amesimama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Komujuni Mutalemwa