Klabu ya kina Yanto

Jumanne, Buffalo

Bado namuwaza Yanto, yule Mwindonesia tunayefanya naye kazi ghalani. Leo tukila amenisimulia klabu ya mji wao. Tajiri aliinunua, akaihamishia mji mwingine, jina na wachezaji wote. Jumapili iliyofuata mashabiki walijaa uwanjani kama kawaida, wakaimba dakika tisini mbele ya nyasi tupu. Kisha wakaunda timu yao, wakaanzia ligi ya chini kabisa. Watu hao, jamani!

Na sisi je, timu yetu ya kambi ya wakimbizi kule Tanzania? Tulipoletwa Amerika tukatawanyika, tukasema basi, imekufa.

Nimempigia Ezekieli, kipa wetu, yuko Louisville. "Kaka, ile jezi bado unayo?"

"Ndiyo ninayolalia."