Kikombe cha Nyamizi

Jumapili. Jua la leo limekausha hata majani ya nyuma ya jiko, na upepo umeleta vumbi mpaka kwenye maziwa. Roho yangu haijatulia tangu Nyamizi aje.

Nyamizi ni binti yangu wa kwanza. Amesoma, anafanya kazi maabara huko Dar es Salaam. Mimi kusoma nimejifunzia darasa la watu wazima, kwa hiyo nikimuuliza kazi yake hunieleza polepole, kama anayelisha mtoto uji.

Wanakuza seli za watu kwenye chupa. Ni vipande vidogo vya mwili, macho hayavioni. Wanavipa chakula, vinagawanyika, vinaongezeka. Halafu wanavipiga mionzi, waone vingapi vimebaki hai.

Nikamuuliza, mwili wa nani huo? Mwenyewe anajua? Akasema seli ziliagizwa kutoka nje, zikaja tayari chupani. Sikuridhika. Kwetu hata kitovu cha mtoto hakitupwi ovyo.

Nikaogopa mikono inayoshika vipande vya watu, nikamtengea kikombe chake peke yake. Nikasema ni cha mgeni.

Leo tukichambua mchicha akanieleza zaidi. Seli zikiwa mbioni kukua, zinagawanyika, mionzi inaua nyingi. Chupa ikishajaa zikatulia, mionzi ileile, mara nyingi zinazopona ni nyingi zaidi. Nikasema basi ni kama pamba shambani, jua linalounguza mche mchanga haliuwezi mti uliokomaa. Akacheka, eti, "Mayu, mama yangu, ungefundisha wewe."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia. Harufu ya dagaa, ambayo zamani ilimvuta jikoni, siku hizi inamtoa nje. Likizo imekwisha, wala haongelei kurudi.

"Chumba cha mionzi bado unaingia?"

"Hapana, mayu. Niliomba wanitoe."

"Tangu lini?"

Akainamia mchicha. "Tangu nilipojua."

Sikumuuliza amejua nini. Nikaendelea kuchambua, majani mazuri nikayatupa pamoja na mabovu.

Baba wa mtoto ni nani, hilo litasubiri. Kinachonikosesha raha ni zile siku kabla hajajua. Alikuwa akiingia, na mtoto ndiyo kwanza anaanza kukua. Anasema wao husimama nyuma ya ukuta mnene, mionzi haiwafikii.

Huo ukuta nani kaupima?

Kile kikombe nimekirudisha kabatini. Asubuhi tutakunywa uji kwenye kibuyu kimoja kama zamani, na akishashiba nitamuuliza habari za huo ukuta.